Leseni na Kipande: Mkufunzi wa Farasi Aliyelelewa Njoro

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya fedha katika harambee yetu ya kila mwaka, Nairobi

 

Kila mwaka kamati ya fedha hupewa dakika chache za kuzungumza, na kila mwaka tunawaona mkianza kutazama simu zenu mara tu tunapotaja neno ukaguzi. Mwaka huu tumewahurumia. Hesabu kamili zimechapwa katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki, pamoja na maoni ya mkaguzi. Zisomeni nyumbani kwa utulivu, na mwenye swali atupigie simu. Leo tunataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyekulia kwetu, akawa mmoja wa wakufunzi hodari zaidi wa farasi wa mbio waliowahi kufanya kazi katika nchi hii. Wengi mnalijua jina lake kwa sababu ya ndege. Sisi tutazungumza zaidi juu ya farasi, kwa maana katika habari za farasi ndimo Njoro ilimo, na ndimo lilimo deni letu.

Jina lake ni Beryl Markham.

Mtoto wa Njoro

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akiitwa Beryl Clutterbuck. Akiwa na umri wa miaka minne hivi aliletwa huku, wakati Kenya ingali ikiitwa Afrika Mashariki ya Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi tangu ujana wake. Alipata shamba Njoro, katika nchi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia masetla, na wazee wetu hawahitaji kukumbushwa ilichukuliwa kutoka kwa nani. Akalifyeka, akajenga mazizi, akaweka kiwanda cha mbao na mashine za kusaga nafaka.

Mama yake Beryl hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza pamoja na Richard, kaka yake Beryl, na msichana akabaki na baba mwenye kazi nyingi. Basi ni nani aliyemlea? Jibu analitoa mwenyewe katika kitabu chake, West with the Night, kilichochapishwa mwaka 1942. Walimlea watu wa shambani. Alijua Kiswahili, akajua na lugha ya majirani. Alikwenda kuwinda ngiri kwa mkuki, bila viatu, pamoja na mbwa wake. Mwalimu wake wa porini alikuwa mzee mmoja shujaa, arap Maina, na rafiki yake wa kucheza naye alikuwa mtoto wa mzee huyo, Kibii. Kitabu kinawaita Wanandi, na waandishi wa baadaye wamesema walikuwa Wakipsigis. Tunaona wazee wa meza ile wameshaanza kutikisa vichwa, kwa hiyo tuendelee.

Darasa lake kubwa lilikuwa zizi. Asubuhi za Njoro mnazijua wenyewe: umande, ukungu juu ya ngano, na ile baridi ya mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Farasi wa mbio hutolewa nje saa hizo, kabla jua halijapanda. Watu wengi hudhani kazi ya mkufunzi ni kumfundisha farasi kukimbia. Farasi anajua kukimbia tangu siku aliyozaliwa. Mkufunzi ana kazi ya kumfikisha kwenye siku moja, saa moja, akiwa na nguvu zake zote na miguu yake yote minne mizima. Ukimfanyisha mazoezi kidogo, atachoka kabla ya kufika. Ukimzidishia, atavunjika. Kwa hiyo kila farasi ana hesabu yake. Yupo anayesusa chakula akihamishwa zizi, yupo asiyekimbia bila mwenzake mbele yake, yupo anayehitaji kupumzishwa siku mbili baada ya kukimbizwa kwa bidii. Na kila asubuhi miguu hupapaswa, mmoja baada ya mwingine, kutafuta joto kwenye kano, kwa sababu kano yenye joto leo huweza kuwa farasi kilema kesho.

Na mkono unaoupapasa mguu huo kabla ya wote, wakati mkufunzi yungali anavaa viatu, ni mkono wa saisi.

Babu yetu alikuwa saisi. Hakufanya kazi kwa akina Clutterbuck. Lilikuwa shamba jingine, na miaka ya baadaye. Sisi tulimfahamu akiwa mzee asiye na farasi hata mmoja. Lakini punda wote wa maji wa mtaa wetu waliletwa kwake. Alikuwa akiuwekea mguu wa punda mgongo wa kiganja chake, ananyamaza kidogo, kisha anamwambia mwenye punda, "Mpumzishe. Utavimba hapa." Mwenye punda asiposikia, baada ya siku tatu mguu unavimba palepale. Tafadhali mwekeni mzee huyo akilini, tutarudi kwake.

Ahadi ya unga

Kufikia mwaka 1919 hivi, mvua zilikosekana. Clutterbuck alikuwa ametia sahihi mikataba ya kusaga na kupeleka unga kwa bei iliyopangwa mapema. Mvua zilipokosekana, bei ya nafaka ikapanda ikaipita bei ya unga aliyokubali. Sisi wahasibu tuna majina mengi ya jambo hili, lakini mama anayeuza mandazi analielewa upesi zaidi. Umemwahidi mwenye hoteli andazi kwa shilingi kumi mwaka mzima, halafu unga ukapanda mara mbili. Kila andazi unalompelekea linakula mtaji wako, na kadiri unavyofanya kazi kwa bidii ndivyo unavyofilisika haraka.

Kwa maelezo ya binti yake, mzee yule hakutafuta mlango wa kutorokea. Alikuwa ametia sahihi, basi akasaga, akapeleka, akalipia tofauti kutoka mfukoni mwake mpaka mfuko ukaisha. Shamba likaenda, na farasi wakauzwa. Yeye akaondoka kwenda Peru kutafuta kazi ya kufunza farasi wa watu wengine, na baadaye akarejea Kenya na kuendelea na kazi hiyohiyo.

Wakulima wetu wa ngano na viazi wanaotia sahihi karatasi ya bei kabla ya kupanda wana la kujifunza hapo. Lakini kuna jambo la pili katika habari hiyo, juu ya ahadi, na hilo tunaliweka akiba mpaka mwisho.

Beryl wakati huo alikuwa msichana aliyekwisha kuolewa, kwani aliozwa akiwa na miaka 16, katika ndoa ambayo haikudumu. Angeweza kumfuata baba yake Peru. Akachagua kubaki. Kitabu chake kinasimulia jinsi alivyompanda farasi wake, Pegasus, akapandisha kwenda Molo, na mali yake yote ikatosha katika mifuko miwili ya tandiko. Mlio na jamaa Molo mnajua ni baridi ya namna gani iliyokuwa ikimngojea.

Leseni

Akiwa na umri wa takriban miaka 18 alipata leseni ya mkufunzi wa farasi wa mbio, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata katika Kenya. Tusiipite leseni hiyo haraka, maana watu wengi wanaomsifu Beryl huiruka ili wafike kwenye ndege.

Leseni ni karatasi. Haikumwongezea ujuzi hata chembe. Alichokijua siku aliyoipata ndicho alichokijua siku iliyotangulia: kumlisha farasi, kumtuliza, kumfunga mguu, kumzalisha jike usiku wa mvua. Lakini bila karatasi ile hakuweza kumwingiza farasi mashindanoni kwa jina lake kama mkufunzi. Akiwa nayo, mwenye farasi aliweza kumkabidhi mnyama wa thamani na kumlipa ada ya kumtunza na kumfunza. Farasi akishinda, jina la mkufunzi huandikwa kwenye rekodi pamoja na jina la mwenye farasi na la joki. Jina likiandikwa, mwenye farasi mwingine analisoma. Hivyo ndivyo ujuzi unavyogeuka kuwa riziki.

Huko Molo, anasimulia, usiku mmoja alitokea kijana kutoka gizani, aliyekuja kwa miguu. Alikuwa Kibii. Sasa alikuwa mtu mzima na jina la mtu mzima, arap Ruta. Baba yake, arap Maina, alikuwa amekufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kijana alikuwa amekuja kufanya kazi kwenye zizi la rafiki yake wa utotoni.

Beryl anaandika kwa uchungu kidogo juu ya usiku huo. Yule aliyecheza naye na kuwinda naye sasa alimwita Memsahib. Waliokuwa wakitembea pamoja njia moja, sasa mmoja angetembea nyuma. Tunampa heshima yake kwa kulisema hilo waziwazi, wakati wenzake wengi hawakuliona hata kuwa ni jambo la kusemwa. Lakini kusema kwake hakukubadilisha mpangilio. Kesho yake asubuhi yeye alikuwa mkufunzi, na arap Ruta alikuwa mtumishi wa zizi.

Kipande

Miaka hiyohiyo, mara baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza sheria ya kipande. Wazee mnaijua. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi ya usajili yenye alama za vidole vyake, na wengi waliibeba ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Humo mwajiri aliandika kazi aliyofanya mtu, mshahara wake, siku aliyoanza na siku aliyoruhusiwa kuondoka. Mtu akiondoka bila kutiliwa sahihi, alikuwa ametenda kosa.

Sasa, ndugu zetu, ziwekeni karatasi hizi mbili juu ya meza moja. Tuna vijana wawili waliokulia shamba moja, walionyeshewa na mvua moja, waliofundishwa pori na mzee mmoja. Wote wawili wanajua farasi. Kwa msichana, serikali ya mbio inatoa karatasi inayosema anajua nini. Kwa vijana wa rika la arap Ruta, serikali ya nchi inatoa karatasi inayosema ni mtumishi wa nani.

Babu yetu alipoachishwa kazi, shamba lile lilipobadilisha mwenyewe, alipewa barua ya mstari mmoja na nusu. Tuliiona. Ilisema kwamba amekuwa mfanyakazi wa shamba na kwamba tabia yake ni njema. Neno farasi halikuwamo. Alikwenda nayo kwenye zizi jingine, akaonyesha barua, na barua ikamwambia mwajiri kwamba huyu ni mtu wa jembe. Basi akapewa jembe. Mikono iliyojua kusoma kano za farasi ikapalilia pareto mpaka uzee. Hatusimulii hili ili kumlaumu mtu. Tunalisimulia kwa sababu tumekaa na vitabu vya hesabu miaka mingi, na hatujaona hasara kubwa kuliko ile ya kitu ulicho nacho ambacho hakikuandikwa mahali popote.

Wise Child

Turudi kwa mkufunzi wetu, tumwone kazini.

Mwaka 1926 mbio kubwa za St Leger zilikuwa zinakaribia Nairobi. Beryl alikuwa na farasi dume mmoja, Wrack, aliyemfunza mwenyewe na kumtegemea ashinde. Zikiwa zimebaki wiki chache, mwenye farasi akashawishika kwamba msichana mdogo kama yule hafai kuaminiwa na mnyama kama yule. Akamchukua Wrack akampeleka kwa mkufunzi mwingine.

Fikirini hasara hiyo. Kazi umeifanya wewe, na matunda yataandikwa kwa jina la mwingine.

Hapo ndipo alipoletewa farasi jike aitwaye Wise Child. Alikuwa mzuri wa damu na mwenye moyo, lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibika kwa kukimbizwa kupita kiasi mapema mno. Mkufunzi mwenye hofu angemrudisha. Mwenye haraka angemkimbiza mpaka miguu ife kabisa. Beryl alimfanyia hesabu ya kila siku: akijenga pumzi yake bila kuipiga miguu, akiipapasa, akiifunga, akimpeleka taratibu kwenye ardhi laini, akisogea mbele nusu hatua na kurudi nyuma inapobidi. Arap Ruta alikuwa pamoja naye.

Siku ya mbio, Wise Child alipandwa na joki Sonny Bumpus. Kitabu kinaisimulia mbio hiyo kwa kurasa nyingi, na tunawashauri vijana wakaisome. Kwa ufupi, Wrack alikuwa na nguvu na Wise Child alikuwa na kasi, na katika sehemu ya mwisho miguu ya yule jike ikaanza kumwangusha. Hakuacha. Alimshinda Wrack, akalitwaa St Leger. Mkufunzi alikuwa na umri wa miaka 23.

Rekodi ya siku ile inamtaja farasi. Inamtaja mkufunzi. Inamtaja joki. Ukitafuta safu ya saisi, haipo.

Ndege, na kurudi kwa farasi

Habari za ndege mnazijua, kwa hiyo tutazipita upesi. Kufikia wakati huo alikuwa ameolewa tena, na jina la Markham ni la mume wake wa pili. Alijifunza kurusha ndege mwaka 1931, akapata leseni ya biashara, na ndiyo karatasi yake ya pili. Alibeba barua na abiria, akawatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Arap Ruta akatoka kwenye farasi akaingia kwenye ndege, akaitunza kama alivyomtunza Pegasus. Tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akavuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, kwa zaidi ya saa 20. Mafuta yakakataa kufika kwenye injini, akatua kwa kuanguka kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Akaishi Marekani miaka kadhaa, akatoa kitabu chake, akaolewa mara ya tatu, na ndoa hiyo nayo ikavunjika. Baadaye alirudi Kenya, hana mali. Basi akafanya nini? Alirudi kwenye kazi aliyojifunza Njoro.

Alianza tena kufunza farasi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, baada ya kukaa nje ya kazi hiyo kwa miaka mingi. Zizi lake la miaka hiyo lililojulikana zaidi lilikuwa kando ya ziwa Naivasha. Farasi kama Niagara na Lone Eagle walimrudishia jina. Kwa misimu kadhaa alikuwa mkufunzi anayeongoza nchini, na farasi wake wakaitwaa Derby ya Kenya mara kadhaa. Walioingia uwanja wa Ngong Road miaka ya mwanzo ya Uhuru walimwona pale, mwanamke mrefu aliyevaa suruali, akimtazama farasi miguuni kabla ya kumtazama usoni.

Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini. Huko mambo hayakumnyookea kama nyumbani, akarejea Kenya.

Siku za mwisho

Kama wahasibu hatuwezi kuificha sehemu hii. Mtu aliyejua kumpimia kila farasi chakula chake hakujua kujipimia fedha. Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba shilingi hazikukaa mkononi mwake. Zilipokuja alizitumia, na zisipokuwapo aliendelea kuishi kana kwamba zipo. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo kwenye ardhi ya uwanja wa mbio wa Ngong, kwa hisani ya watu wa mbio, akiwa na kidogo sana.

Kilichomwokoa kilikuwa karatasi tena. Mwaka 1942, kitabu chake kilipotoka, mwandishi mashuhuri Ernest Hemingway alikisifu sana katika barua ya faragha. Miaka mingi baadaye msomaji mmoja wa California, mfanyabiashara wa mkahawa, akakutana na sifa hizo, akakitafuta kitabu, akawashawishi wachapishaji. Kikatolewa upya mwaka 1983, kikanunuliwa kwa wingi, na mapato yakamfikia bibi kizee pale Ngong. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Miaka 40 baada ya kuandika, fedha zilijua njia ya kumfikia kwa sababu jina lake lilikuwa juu ya jalada. Arap Ruta yumo ndani ya kitabu, kurasa nyingi, na kwa sifa njema. Lakini kuwa ndani ya kitabu cha mtu hakukulipi chochote.

Deni letu

Mwenyekiti, tunakaribia kumaliza.

Mnajua kwa nini tumechagua habari hizi. Mfuko tunaouchangia usiku huu hausomeshi watoto wa sekondari. Huo ni mfuko mwingine, na Mungu awabariki wanaouendesha. Huu ni wa watu wetu ambao kazi wanaijua tayari na hawana karatasi: mchomeleaji pale stendi ambaye mageti ya nusu ya mtaa ni yake, fundi umeme aliyejifunza kwa mjomba, mshonaji, fundi wa matrekta. Wanalipiwa ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, wananunuliwa vifaa vinavyotakiwa, wanalipiwa nauli. Hatuwafundishi kazi, maana wengine wangetufundisha sisi. Tunawapeleka mahali ambapo kazi yao itaandikwa.

Mwaka jana, kama hivi leo, tulikaa ukumbini tukala, tukacheka, tukajaza kadi za ahadi. Kadi zilikuwa nyingi na tarakimu zilikuwa nzuri. Mmoja wa waliosubiri fedha hizo alikuwa binti wa kwetu anayefungua injini ya trekta na kuirudisha bila kubakiza nati. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilifika tukiwa na ahadi nyingi na taslimu kidogo. Tuliwapigia simu wengi wenu. Na tuseme ukweli: baadhi yetu tuliosimama mbele yenu, watu wa kamati ya fedha, tunaowahimiza wengine kila mwaka, tulikuwa miongoni mwa walioahidi na hatukulipa kwa wakati. Tulijisemea mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwezi mwingine.

Siku ikapita. Ikambidi asubiri awamu nyingine. Katikati ya kungoja huko, karakana moja kubwa ilitafuta fundi mwenye cheti, na akapata kazi hiyo kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana. Alipotuambia hakulalamika. Alisema tu, "Yeye alikuwa na karatasi." Tulirudi nyumbani tukimfikiria babu na barua yake ya mstari mmoja na nusu. Aliyemwandikia babu barua ile alikuwa mgeni asiyemjua. Aliyemchelewesha binti huyu ni sisi, watu wa kwao.

Ndiyo maana tuliweka akiba lile jambo la pili juu ya Clutterbuck. Kuna mengi katika historia ya masetla ambayo hatuwezi kuyasifu. Lakini ahadi ni deni, na mzee yule alilipa deni lake gunia kwa gunia mpaka shamba likaisha. Sisi hatujaombwa shamba. Tumeombwa tulipe tulichokiandika kwa mikono yetu.

Kwa hiyo mtaona kwamba mwaka huu hakuna kadi za ahadi mezani. Kamati iliamua zisichapwe. Anayeweza mia, atoe mia usiku huu. Anayeweza elfu kumi, atoe elfu kumi usiku huu. Asiyeweza leo, tafadhali asiahidi. Aje tu siku atakayokuwa nazo, tutampokea kwa furaha ileile. Sisi wa kamati tumeshalipa malimbikizo yetu ya mwaka jana kabla ya kupanda jukwaani, na majina yetu na tarehe tulizolipa yamechapwa kwenye ukurasa wa hesabu, ili mtuone.

Yule binti amejiandikisha. Mtihani wake uko mbele, na safari hii ada imelipwa.

Mweka hazina ameketi pale mlangoni. Ana namba ya M-Pesa, ana sanduku, na ana kitabu cha risiti. Msiondoke bila risiti. Andikisheni majina yenu vizuri, kwa herufi kubwa.